Mkanda Barabarani

Kwetu kuna chama kimoja. Sheria ya nchi inasema viko vingi, na mimi sibishani na sheria, niliishia darasa la nane. Lakini ukipita Kapsoit uingie ndani, pale majani chai inaanza kufunga macho pande zote, hutapata mtu wa chama kingine hata ukimtafuta na tochi. Diwani ni wa chama. Mbunge ni wa chama. Mwenyekiti wa banda la kupimia majani, mchungaji, fundi wa nguo, hata yule mlevi wa kulala kwa mtaro, wote chama. Ng'ombe akikataa kukamuliwa anaulizwa ametumwa na nani.

Kwa hivyo ule wakati vijana wa Nairobi walikuwa wanaingia barabarani, na Kisumu, na siku moja moja hata Kericho mjini, sisi tulikuwa tunatazama kwa simu kama mpira. Wazee walikuwa wanasema, "Mtu wa hapa hawezi kuandamana. Utaandamana aje na serikali ni yako?" Na ni kweli ilikuwa yetu. Yetu kama vile ndovu ni wetu. Ni mkubwa, ni wa nchi yako, watu wanatoka mbali kumpiga picha, lakini akiingia kwa shamba lako hakuna kitu utamwambia.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya kuchuma miaka mingi hadi vidole vikakataa kunyooka, alikuwa anatuambia za zamani, wakati chama kilikuwa kimoja kwa sheria kabisa. Kura ilikuwa ya kupanga laini nyuma ya picha ya mtu unayemtaka.

"Laini yetu ilifika mpaka mtoni," alisema. "Ile ingine ilikuwa na watu kumi na moja na mbwa. Jioni wakatangaza mbwa ameshinda."

"Na mkafanya nini, mzee?"

"Tulienda kukamua."

Tulicheka sana. Sikujua wakati huo kama hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya siasa nitapata, na kwamba ilikuwa imeisha.

Shida ilianza na mdomo wangu. Kuna mkubwa fulani alikuwa anakuja kututembelea. Chifu akaita baraza, akasema kila nyumba itoe watu wawili, wavae fulana za chama, wapange kando ya barabara na wapige makofi. Nyumba haijatoa watu, lori haitabeba majani yao. Alisema hivyo akitabasamu. Chifu wetu alikuwa na sauti nyembamba inapitia kwa pua, kama mbuzi amemeza kengele, na mimi tangu nikiwa mdogo Mungu amenipa kitu kimoja tu, naweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Hicho ndicho kipaji. Wengine walipewa shamba.

Kesho yake tulikuwa tunachuma, mimi na botum wangu. Botum kwetu si rafiki tu. Ni yule mlitahiriwa naye siku moja, mkafichwa nyumba moja, mkalia kimya pamoja, mkala sufuria moja mpaka mkapona. Huyo hata mkikosana mnakosana kama mkono na mkono. Ukimwacha mahali pabaya, hakuna kijiji utahamia na hiyo aibu.

Mimi nikaingia katikati ya majani, nikakunja mkono mgongoni, nikaanza kuhutubia michai kwa sauti ya chifu.

"Nyinyi majani chai. Naona laini ya tatu hamjapiga makofi. Wewe uliyeinama hapo, wewe ni wa upinzani? Nani amekulipa uiname? Simama wima. Na atakayechipuka bila ruhusa ya chama atakatwa."

Upepo ukapita, shamba lote likatikisika.

"Asanteni sana kwa makofi," nikasema.

Botum wangu alikuwa anachukua vidio huku anacheka mpaka simu inaruka. Kwa hiyo vidio huoni mtu. Unaona majani tu, na sauti. Akaitupa kwa grupu ya kijiji. Saa sita mchana ilikuwa imefika Londiani, maana shangazi yangu anauza viazi huko alinipigia kuniambia, "Kuna mtu anatukana chifu wenu, kuja uone." Kabla ya jioni ilikuwa imeenda Bomet na imerudi.

Sauti ilikuwa yangu. Simu ilikuwa yake.

Walimchukua Jumanne, saa nne asubuhi, kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe aliniambia. Waliingia watu watatu wa koti, gari dogo bila namba likinguruma nje. Wakauliza nani ako na simu ya kifuniko chekundu. Botum wangu alikuwa amekaa kwa kiti, shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Kinyozi akawaambia, "Wacheni basi nimalize huu upande." Wakampiga kofi la sikio akaanguka juu ya vioo vyake, mashine bado inalia mkononi. Wakamvuta botum na shuka. Akashika mlango. Wakampiga vidole na kitako cha bastola, kimoja kimoja, mpaka akaachilia. Nilikuta ukucha wake pale kwa fremu ya mlango. Nilisimama nautazama.

Mama yake alienda kituo cha polisi, kile kidogo cha huku kwetu, na sitakitaja. Mkubwa wa kituo akamwambia hawana mtu kama huyo, labda ameenda Nairobi kutafuta wanawake. Alipokuwa anatoka, askari mmoja alimfuata mpaka kwa mti wa geti akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Huyo alikuwa kijana wa kwetu, wa upande wa Bomet, anaongea lugha yetu.

"Yuko ndani, mama," alimwambia akiwa ameinama. "Anapumua. Ijumaa watamhamisha. Akitoka hapa mimi sitajua tena ni wapi, na sidhani kuna mtu atajua."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa ni kesho kutwa.

Nilienda kwa huyo mama jioni hiyo. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini nilifika nikamkuta anakamua, nikashika kamba ya ndama tu.

"Umekuja kuniambia ni sauti yako," alisema bila kugeuka.

"Umejua aje?"

"Nimekulisha kwa hii nyumba tangu ukiwa na makamasi. Hata ukikohoa nakujua."

"Nitaenda nijisalimishe. Niwaambie ni mimi."

Aliendelea kukamua. Kisha akasema, "Ukienda watakuwa na wawili. Hawa si watu wa kubadilishana. Hata duka haliwezi kukurudishia sukari, sembuse polisi."

"Sasa tufanye nini, mama?"

"Kesho tukae kama kawaida. Ijumaa tuchume alfajiri, tupeleke majani kwa banda."

Nilifikiri huzuni imemfikia kichwani. Lakini huyo mama alikuwa ametuzidi wote. Mkitaka kukutana watu ishirini hapa kwetu, hata kama ni kuombea mgonjwa, naibu wa chifu anataka kujua mnaomba nini. Mahali pamoja tu watu mia mbili wanasimama pamoja bila kuulizwa ni banda la majani, wakingoja mizani. Hapo hata serikali inataka mjae.

Ijumaa saa tatu banda lilikuwa limejaa. Magunia, vikapu, akina mama na watoto mgongoni, vijana wa bodaboda waliobebea watu majani. Mama wa botum wangu alikuwa wa kwanza kwa laini. Karani wa mizani alikuwa kijana tulisoma naye. Alimtazama, akatazama chini.

"Mama, yako haipimwi," akasema. "Nimepewa amri. Nyumba yenu imeandikwa ya wapinzani."

Yeye hakubishana. Hakutoka pia. Alisimama pale na gunia lake mbele ya mizani. Karani akamwambia wa pili apite. Wa pili alikuwa yule mzee wa vidole. Mzee akasema, "Mimi sijaharakisha." Karani akaita wa tatu. Wa tatu alikuwa mama mnene wa kwaya. Akaweka kikapu chake chini, akakikalia.

Mtu asiyejua majani hatajua hiyo ilikuwa nini. Majani chai ukishachuma inaanza kufa. Ukiikandamiza kwa gunia, jua likapanda, inapata joto, inakuwa nyekundu, inanuka kama nyasi imechacha, na kiwanda hakiichukui. Sisi tunaweza kuacha mgonjwa barabarani tukimbize majani kwanza, na mgonjwa mwenyewe atasema endeni. Na hapo watu mia mbili walikaa chini wakaacha majani yao ife. Hakuna mtu alihutubia. Dereva wa lori alipiga honi mpaka akachoka. Ungeweka mkono ndani ya gunia ungesikia joto kama tumbo la ng'ombe. Nilimwona bibi mmoja analia akipapasa majani yake, na hakuyapeleka kwa mizani.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia kanisani. Lakini chifu alifika na pikipiki. Akasukuma mama wa botum wangu na kidole kwa kifua, akasema, "Wewe umezaa jambazi na sasa unataka kuharibia watu."

Sijui nani alirusha ya kwanza. Ya pili ni mimi. Jiwe langu lilimpata karani, ambaye hakuwa amefanya kitu isipokuwa kuandika alichoambiwa, likampasua juu ya jicho. Na nilipoona damu sikusimama. Hiyo ndiyo kitu sijaambia watu. Niliruka meza nikampiga teke akiwa chini, mara mbili, mara tatu, mbavuni, mtu tulikuwa tunaibiana penseli naye. Alikuwa ananiita jina langu. Vijana wengine walimvuta chifu mpaka kwa mtaro, wakamkalia, wakamvua viatu, wakampiga navyo. Alipotoroka alikimbia na soksi. Pikipiki yake ikawekwa juu ya magunia ya majani iliyokufa, ikawashwa moto. Moshi wa majani mabichi ni mweupe na mzito. Nadhani hata Kericho mjini waliuona.

Kutoka banda mpaka kituo ni kama kilomita moja, barabara ya changarawe, majani pande zote mbili. Tulienda tukikimbia. Vijana mbele, mimi ndani yao, wengine na mapanga ya kukatia michai, wengine na mawe. Nyuma akina mama na wazee. Mtu akaanza wimbo wa jando, ule hauimbwi mbele ya wanawake, na hakuna aliyekumbuka kunyamaza. Nitasema ukweli, nilikuwa na furaha. Miaka yote niliambiwa mtu wa hapa hawezi, na sasa mtu wa hapa alikuwa anaweza mpaka anatoa mapovu.

Kwa kona ya kituo polisi walikuwa wamepanga laini barabarani. Sita. Watano walikuwa watoto wa mbali, chai wanaijua kwa kikombe. Wa sita ni yule kijana wa Bomet, funguo zinaning'inia kiunoni. Mkubwa wao alikuwa ameenda Kericho kuleta gari ya kumhamisha botum wangu. Kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kusema pigeni wala acheni. Mmoja, mrefu, alikuwa ameshika bunduki kama mtu ameshika nyoka. Mtu muoga mwenye bunduki ndiye mbaya kuliko wote.

Tulisimama kama hatua thelathini mbali nao. Mawe yakaanza. Wakapiga risasi moja juu. Sisi tukasonga. Wakapiga ya pili, na hiyo haikuwa juu, kijana wa bodaboda kando yangu akakaa chini ghafla kama mtu amekumbuka kitu, akashika paja, damu ikatoka katikati ya vidole. Sasa sisi tukawa tunataka kufa au kuua, moja kati ya hizo. Niliinua panga. Sijawahi kuinua panga kwa mtu. Nakumbuka lilikuwa jepesi.

Hapo ndipo mama wa botum wangu alipita katikati yetu. Alitembea mpaka nafasi ile ilibaki wazi kati yetu na polisi, akainua sweta yake, akafungua mkanda.

Wacha nieleze. Zamani mama wa kwetu akipata mimba alifungwa kiunoni mkanda wa ngozi, umeshonwa simbi, zile kombe ndogo za pwani, na mama yake mzazi. Unaitwa leketyet. Huo mkanda ndio ulikushika ukiwa tumboni na baada ya tumbo. Vijana wakitoka kwenda vita, na mama akautandaza njiani mbele yao, wanarudi. Hakuna mwanamume anaruka mkanda wa mama aliyezaa. Hata kuzunguka kando ni kuruka. Ukiruka, haya, nenda, lakini usitarajie kurudi, na ukirudi usitarajie kuzaa. Mchungaji alishasema hizo vitu zichomwe, na huyu mama alikuwa mzee wa kanisa, anabeba sahani ya sadaka. Kumbe alikuwa nao.

Aliutandaza kwa changarawe, barabara nzima haukufika, ulikuwa kama urefu wa mtu. Akasimama nyuma yake, upande wetu, akawatazama polisi.

"Hakuna mtu ataua mtoto wa mtu hapa," alisema. "Sasa mnitolee wangu."

Sisi tuliganda. Vijana arobaini na zaidi, na mapanga. Hata wimbo ulikufa. Yule aliyepigwa risasi aliangalia mkanda. Nilishusha panga bila kuambiwa. Na upande ule mwingine nilimwona kijana wa Bomet amerudi nyuma hatua mbili, uso umekuwa rangi ya jivu.

Tulifikiri imeisha. Nakuapia, kwa dakika moja wote tulifikiri imeisha, kwa sababu kwetu huo ndio mwisho wa vita.

Yule askari mrefu akauliza mwenzake, "Hii ni nini? Ni uchawi?" Mwenzake akacheka. Wakaja. Walikanyaga simbi kwa buti, nikazisikia zikivunjika, wakavuka kama unavyovuka mfereji. Wa kwanza akampiga mama rungu kwa mkono. Mlio wake ulikuwa kama kuni kavu. Alipoanguka wakampiga tena mgongoni, wawili, kwa zamu.

Na sisi tulisimama.

Watu huniuliza, na mimi hujiuliza nikiwa nachuma peke yangu. Walikuwa wameshavuka kuja upande wetu, hatukuhitaji kuruka kitu. Lakini alipokuwa ameanguka alikuwa ameangukia mkanda, nusu huku nusu kule, na kumfikia ilikuwa ni kuukanyaga. Vichwa vyetu vilijua la kufanya. Miguu ilikuwa imelelewa na nyanya zetu. Wale ambao hawakuuheshimu walikuwa huru. Sisi tuliouheshimu ndio tulifungwa nao.

Kisha mkebe wa tiagasi, ile gesi ya machozi, ukatua miguuni mwetu na miguu ikakumbuka kazi yake. Tulikimbilia ndani ya majani, wawili wakimburuta yule wa bodaboda.

Mchai mzee juu ni meza, chini ni nyumba. Ukipanda juu unazama kiunoni na matawi yanakushika. Ukilala chini unatambaa kwa vigogo, unaonekana na siafu pekee. Tulilala. Polisi waliruka juu. Yule mrefu alizama hatua nne tu ndani, buti zikaingia kwa matawi, akabaki amesimama humo kama sanamu ya kufukuza ndege kwa mahindi, anapiga risasi hewani mpaka zikaisha. Tukatokea kutoka chini, sita, saba. Sikumbuki nani alianza. Tulimpiga na ngumi, na mawe, na rungu yake mwenyewe. Nilimpiga mkono, pale pale wa mama ulipovunjwa. Nilikuwa nahesabu mifupa. Alikuwa analia kwa lugha yake na sikuijua, isipokuwa neno moja, kwa sababu mama ni karibu sawa kila mahali. Alikuwa rika langu. Alikuwa na chunusi. Nikasema, "Wacheni, inatosha," na sauti ilitoka ndogo, hakuna aliyesikia. Mtu akamvunja meno na jiwe. Nikasema tena kwa nguvu, nikalala juu yake, nikapigwa mimi mbili za kichwa kabla wajue ni mimi. Tulimwacha hai. Hiyo ndiyo mazuri yote naweza kusema juu yetu siku hiyo.

Wengine wanne walikuwa mbali, wanafukuza vijana kuelekea mtoni. Nilisikia risasi zikienda huko. Nikatambaa kurudi, tumbo chini, mpaka ukingo wa barabara.

Mama alikuwa amelala pale pale, amegeuka ubavu, mkono umekunjika mahali hakuna kiwiko. Mkanda ulikuwa hatua chache kutoka kwake sasa, labda buti ziliuburuta, umenyooka barabarani. Na upande ule mwingine kijana wa Bomet alikuwa anakuja kutoka kituoni, bunduki ameacha, amemshika botum wangu makwapani kama mtu anavuta gunia. Kichwa bado nusu nywele. Macho yamefura yamefunga. Miguu ilikuwa inaburuta, nyayo zimevimba nyeusi, maana huko ndiko walikuwa wanampiga ili isionekane.

Alifika kwa mkanda akasimama.

"Njoo umchukue," aliniambia. "Haraka. Gari ya mkubwa iko njiani."

Nikatoka kwa majani, nikafika upande wangu nikasimama. "Mkanda," nikasema.

"Naona."

Tulitazamana juu yake. Yeye na serikali yake, mimi na ujanja wangu wote. Ngozi ya upana wa vidole vitatu. Nilimwambia, "Wewe umevuka mangapi na hiyo nguo, vuka na hili." Akasema, "Vuka wewe, ni botum wako." Na nikajaribu, nakuambia nilijaribu, mguu ulipanda, ukakaa hewani, ukarudi.

"Mama," nikasema. "Mama, amka. Yuko hapa."

Alifungua macho. Hakuuliza nani. Nikainama nimshike, akanikataza, "Usinivute, utamalizia huo mkono." Akageuka kwa tumbo, akatambaa kwa magoti na mkono mmoja. Ilikuwa hatua tatu. Ilichukua muda mrefu kuliko laini ya mizani. Akaushika mkanda, akaupangusa kwa sweta yake polepole, simbi zilizovunjika zikidondoka, huku kule mtoni watu wanapigwa risasi. Kisha akauvaa shingoni.

Kijana wa Bomet akavuka akamlaza botum wangu mbele yake. Mama alimshika uso na ule mkono mzima, akaweka sikio kwa mdomo wake, akasikiliza kama anapumua. Akamgeukia askari.

"Wewe ni wa nani?"

Akamwambia ni mtoto wa nani, wa wapi.

"Nitatafuta mama yako. Nitamwambia ulisimama, hukuvuka."

"Usimwambie, mama," alisema, na alikuwa analia waziwazi, na kofia ya serikali kichwani. "Ataniuliza kwa nini nilisimama na wanakupiga."

 Mama alimtazama, halafu akanitazama mimi, na nikajua na mimi nimeulizwa.

"Wote mlisimama," alisema. "Mbebe huyu."

Nikampandisha mgongoni. Alikuwa mwepesi, na kitu cha joto kilikuwa kinashuka shingoni mwangu, sikuuliza ni nini. Nilitaka kuingia kwa majani tujifiche. Mama akasema hapana, tupite barabarani, pale watu wako, kila mtu aone wamemfanya nini. Akatangulia, ameshika mkono wake uliovunjika kama mtoto. Tulipokuwa tumeenda kidogo nikasikia funguo zikitupwa kwa changarawe, na buti za yule askari zikija nyuma yetu, kwa mwendo wa mama.